Bingwa wa Kuomba Radhi

Kitu cha kwanza alichokigundua Gladness ni kwamba Mwalimu Adolphe hamkaripii mchelewaji kabla ya kufuta miwani. Hapo mtu hupata nafasi ya kupanga maneno.

Darasa lile la Kifaransa lilifanyika kila Jumamosi saa kumi jioni, katika ukumbi wa kanisa pale Tottenham. Kwanza watu walisoma kitabu kwa zamu, kila mmoja ukurasa wake. Ukichelewa, ulisimama mlangoni ukaomba radhi kwa Kifaransa, na kila mara kwa maneno mapya.

Gladness alichelewa Jumamosi sita mfululizo, dakika ishirini kamili. Alianza na désolée, samahani, kwa sauti ya kunong'ona. Wiki ya tatu akasema excusez-moi pour le retard, mniwie radhi kwa kuchelewa. Ya sita akawaacha midomo wazi: je vous prie de m'excuser, nakuomba tafadhali unisamehe, tena bila kujikwaa.

Humphrey, Mkenya dereva wa basi, hakumwacha salama. Alisema dada huyu anaomba radhi kama balozi, ila bonjour haijui, maana wakati wa salamu hajawahi kuwepo. Siku moja ya mvua kubwa alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza ni basi gani hilo linalochelewesha watu bila kuwalowesha. Darasa likacheka. Gladness naye akacheka, macho sakafuni.

Lakini Kifaransa alikitaka kweli. Mama mmoja wa Ivory Coast, mwenye mgahawa karibu na soko, alikuwa amemwahidi kazi ya kuhudumia meza, mradi aweze kuzungumza na wateja wake.

Wiki ile ya sita, watu walipokuwa wakitoka, mwalimu alimwita pembeni. Alimweleza kwa upole kwamba kuna Bhavna, mwenye duka la vitambaa, anayengoja nafasi tangu Januari. Gladness akichelewa tena, hata mara moja tu, kiti chake atapewa Bhavna.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na dakika ishirini, Gladness akasimama mlangoni. Akavuta pumzi, akaanza: je vous prie…

"Basi, mama," Adolphe akamkatiza kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. "Radhi zako zinatosha. Leo uniambie tu, unatokaka wapi?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Safari hii hakuangalia chini.

"Hapo jikoni, Mwalimu. Ukumbi huu nausafisha mimi, nafika tangu saa nane. Huwa nakaa humo mpaka mmalize zamu, kwa sababu mimi kusoma sijui."