Toba ya Ortensio

Ortensio alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya kanisa kuu, mikono kaitandaza, pua juu ya jiwe. Akina mama waliokuja kusali sala ya adhuhuri walimkwepa kama gogo lililoanguka njiani. Walishamzoea tangu Pasaka iliyopita.

Nyuma ya nguzo alisimama dada yake mkubwa, Ersilia, na kikapu cha mkate na jibini, analia kwa hasira.

Kosa la Ortensio lilijulikana mji mzima. Alitengeneza mrija wenye vioo, akatazama nyota kutoka darini, kisha akashuka kusema kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Angenong'ona, pengine yangepita. Yeye aliyasema sokoni, siku ya gulio, kwa sauti ya muuza samaki.

Padre Gaudenzio, mkuu wa baraza la kulinda imani, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene na alipenda kesi ziishe kabla ya chakula. Aliuvunja mrija mbele ya watu, akampiga Ortensio marufuku kuinua macho angani, mchana wala usiku, halafu akatafuta toba ya kumpa.

"Kila adhuhuri, mwaka mzima, utalala kifudifudi katika kanisa kuu."

"Padre, nionee huruma!" Ortensio alimng'ang'ania joho. "Nitume hata Loreto nikahiji, miguu peku. Sakafu ile itanimaliza kifua!"

"Loreto utakwenda kupunga upepo," alisema Padre. "Ni sakafu."

Basi ikawa sakafu. Na Ersilia akamwona mdogo wake akigeuka mtu mwingine. Ortensio yule mbishi, aliyewahi kugombana na kinyozi hadi akatoka na nusu ya ndevu, sasa alipita barabarani kimya, macho chini. Vijana wa sokoni walimtania: "Bwana Ortensio, mwezi umetumbukia kisimani, njoo uutazame!" Alitazama viatu vyake, akapita. Ersilia aliwarushia maganda ya vitunguu, lakini moyo ulimuuma. Zamani ndugu yake angesimama pale na kubishana nao mpaka giza liingie.

Tena yale mawe yalikuwa yakimla taratibu. Siku za mvua alirudi amenuna, hasemi na mtu, bakuli la supu analisukuma kando. Siku kavu angalau alikula. Karibu na Krismasi homa ilimwangusha kitandani, na bado alitaka kwenda. Ersilia akafunga mlango, ufunguo akautia kifuani. Ortensio akatoka kwa kupitia dirishani.

"Kukosa siku moja ni hasara kubwa, dada," alisema aliporudi, meno yakigongana.

"Hasara ya nini? Ya roho?"

"Ya mwaka mzima."

Ersilia alimfunika mablanketi yote ya nyumba. "Wamekuvunja," alisema. "Afadhali wangekuvunja mguu, ungepona."

Sasa, nyuma ya nguzo, aliona yamemfika shingoni. Alirudi nyumbani, na kesho yake asubuhi akaoka bata wake mnono kwa vitunguu na kumpelekea Padre Gaudenzio.

"Zimebaki wiki chache tu, Bibi Ersilia," alisema Padre, pua ikiwa kwenye sinia.

"Wiki chache za kumzika. Ulitaka atubu, Padre? Ametubu mpaka amebaki ngozi. Au unangoja na mifupa nayo itubu?"

Padre alimtazama bata, akamtazama Ersilia, akavaa viatu. "Twende. Namsamehe leo hii."

Walimkuta mahali pake pa siku zote, kama alivyolala jana na juzi.

"Inuka, mwanangu," alisema Padre kwa sauti iliyolijaza kanisa. "Adhabu yako imekwisha. Nenda nyumbani ukale."

Ortensio hakusogea. "Padre, niache nimalize."

"Umesamehewa, nakwambia."

"Sistahili. Usinikatishe sasa, Padre, nakuomba kwa jina la Bikira. Niache mpaka mwaka utimie." Machozi ya kweli yakadondoka juu ya jiwe. "Na kama huruma yako inaruhusu, uniongezee mwaka wa pili."

Padre Gaudenzio alijifuta macho kwa mkono wa joho. "Nimehukumu watu tangu ujana wangu," alimwambia Ersilia, "sijapata kuona toba ya namna hii. Lala, mwanangu. Lala kadiri moyo wako unavyotaka." Akaondoka mbio mbio, akamweleze askofu habari hizi njema kabla bata hajapoa.

 Ersilia ameleta msamaha kwa mikono yake mwenyewe na umetupwa kama maji ya kuoshea vyombo. Alipiga magoti kando ya ndugu yake, akamshika mkono kumwinua kwa nguvu, apende asipende.

"Wamekufanya nini, Ortensio? Niambie mimi."

Kiganja kilifunguka. Ndani yake mlikuwa na msumari mdogo. Na pale kiganja kilipokuwa, jiwe lilikuwa na alama nyembamba zilizokwaruzwa kwa uangalifu, moja mbele ya nyingine, zikipita chini ya kifua chake na kuendelea hadi karibu na ukuta. Ersilia alizifuata kwa macho mpaka ukutani, kisha akarudi hadi alama ya mwisho, kando ya kiganja, iliyokuwa bado na vumbi jeupe. Hapo akaona kwamba juu ya mkono wa gauni lake mwenyewe kumetua kiduara cha mwanga, kilichoshuka moja kwa moja kutoka kwenye tundu dogo la paa.

"Sogea kidogo, dada," alinong'ona Ortensio bila kuinua macho. "Umenizibia jua."