Kadi Iliyokataa Kufunguka

Khamisa aliingia saiba ya Truphosa, kile kiduka cha intaneti pale mtaani Rhonda, mikono yote miwili juu, ungedhani amekamatwa na polisi. Ilikuwa hina mbichi. Harusi ilikuwa kesho.

"Truphosa, nibonyezee wewe. Nikiharibu hii hina, shangazi zangu wataniua."

Kwenye barua pepe aliyotumiwa Khamisa Januari 2021 kulikuwa na kadi, ile ya michoro inayocheza na kuimba. Hakuwahi kuiona. Mwezi ule ule vivinjari vilikuwa vimeacha kufungua vitu vya Flash, ile programu ya zamani ya kuchezesha michoro, na kila alipobonyeza alipata kisanduku cheupe tu. Akaisahau mpaka jana.

"Ni ya nani?"

"Ya mwanaume fulani. Na siolewi kabla sijaiona."

Saiba nzima ikageuza viti. Umbea haulipiwi kwa dakika.

"Wueh! Na huyo wa kesho?"

"Huyo nilimposa mimi mwenyewe. Mdomo wake mzito kama gunia la viazi."

"Basi huyu wa kadi amemshinda. At least alijaribu!"

Khamisa akacheka mpaka nusura ajishike mashavu.

Ilibaki kompyuta kongwe ya kona, ambayo Truphosa alikataa kata kata kuiapdeti asije akapoteza gemu lake la Flash la kulisha kuku. Akaihamishia kadi huko. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, kisha maua yakaanza kudondoka kwenye skrini, kinanda kikalia, na maneno yakajiandika moja moja: KHAMISA, UTAKUBALI NIKUOE?

Chini palikuwa na vitufe viwili, NDIO na HAPANA.

"Bonyeza ndio!" Khamisa alikuwa akirukaruka kwa furaha.

"Wewe! Na vile watu wameshaalikwa?"

"Bonyeza! Halafu mpigie bwana harusi, namba iko kwa simu yangu. Mwambie akuje saa hii."

Truphosa aliingiwa na hofu, lakini uhondo ni uhondo. Akabonyeza. Skrini ikajaa mioyo myekundu. Akapiga simu.

Bwana harusi alifika kwa bodaboda, jasho likimtiririka. Watu wakampisha. Mteja mmoja alisogeza kiti cha plastiki mbali naye, isije ikawa balaa. Akaisoma skrini, akaisoma tena, machozi yakamlengalenga.

"Kwani hukuwa umeifungua?" akauliza. "Miaka hii yote nilidhani ulibonyeza hapana."