Jaketi Jekundu la Boti ya Sita

"Mwambie afunge kofia vizuri!" mama alifoka kwenye redio aliyomnyang'anya nahodha wa boti ya mwisho. "Jua la baharini halina huruma!"

"Nimemwambia, mama," ikajibu sauti ya daktari wa meno, nahodha wa boti ya sita.

Mbele kule, umbali wa kama uwanja wa mpira, mtu mwenye jaketi jekundu akajifunga kofia, kisha akainua mkono juu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chama cha matanga: redio ni ya nahodha peke yake, abiria anajibu kwa mkono.

Mama akashusha pumzi. Mkono umeonekana, mtoto yu hai.

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Lakini maji hayaulizi cheti cha kuzaliwa, na mzazi anayesoma hapa alitie hilo akilini. Boti saba za matanga zilikuwa zimetoka asubuhi kwa mstari, zikipita katikati ya visiwa na nchi kavu, mahali ambapo mawimbi makubwa hayafiki. Safari hiyo wenye chama waliiita matembezi. Mama aliiita kujitakia balaa. Alikubali kwa sharti moja tu, na alilitamka mbele ya wote kabla ya kuondoka: yeye mwenyewe apande boti ya mwisho, na mkono ukikosa kuinuka hata mara moja, binti anarudi nyumbani kwa basi, na habari za matanga zimekwisha maishani mwake.

Binti alitazama chini. "Sawa, mama."

Ndipo mama akamvisha jaketi la kuokolea alilomnunulia mwenyewe, jekundu, maana majaketi ya chama yote yalikuwa rangi ya chungwa na usingemjua mtu na mwenzake. Akamwona kwa macho yake akipanda boti ya sita. Baada ya hapo mwenyekiti wa chama, mfamasia mpole aliyekuwa nahodha wa boti ya mwisho, akamwita ndani kumwonyesha choo cha boti na jinsi kinavyopigwa pampu. Somo hilo lilichukua dakika kumi nzima. Walipotoka nje, nanga zilikuwa zimeshang'olewa.

"Una darubini?" mama aliuliza.

"Nimeisahau nyumbani," alisema mwenyekiti, akiifunga droo kwa goti.

Saa nne mama akaagiza maji. Mkono ukainuka, chupa ikaonekana. Saa nne na nusu, ndizi. Saa tano, ndizi nyingine, maana tumbo tupu ndilo linaloleta kichefuchefu, asikudanganye mtu.

"Mama, huyo atapasuka," alisema mwenyekiti.

"Wewe umezaa?"

"Nina watatu."

"Nimeuliza kama umezaa."

Mwenyekiti akageukia usukani wake.

Mama alikuwa fundi cherehani, na hata baharini hakuacha kuwapima watu kwa macho. "Mbona jaketi limembana mabegani? Lilimkaa vizuri asubuhi."

"Chumvi hiyo," mwenyekiti alijibu haraka. "Kitambaa hunywea kikipigwa na chumvi."

"Na mbona anajishika kiuno?"

"Benchi gumu, mama."

Mama akaagiza ndizi ya tatu.

Saa saba kasoro, wakiwa kwenye njia nyembamba kati ya visiwa viwili, upepo uligeuka ghafla. Boti zikalalia ubavu. Mama akaukumbatia mlingoti, redio mdomoni. "Mwambie ashike kitu! Ashike chochote! Ee Mungu wangu, mwambie ashike!"

Wote walikuwa wakiitazama boti ya mbele. Nahodha wake alikuwa kwenye mtihani wa unahodha siku hiyo, kwa hiyo hakuruhusiwa kugusa redio. Aliongoza kwa bendera tu. Bendera ya njano ikapanda: punguzeni matanga. Kisha boti ile, badala ya kukimbilia njia fupi, ikageuka taratibu na kulizunguka fungu la mchanga ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameliona. Boti sita zikaifuata moja moja, kama vifaranga vya bata. Dakika ishirini baadaye maji yalikuwa yametulia tena, na jaketi jekundu likainua mikono yote miwili.

Mama akakaa chini.

"Huyo wa mbele," alisema, "amelelewa. Utulivu ule hauokotwi njiani. Wangu mimi angekuwa ameshaparamia mchanga zamani."

Mwenyekiti alikohoa, akatazama kisiwa. "Kwa hiyo kwa maoni yako amefaulu?"

"Mpe cheti leo leo! Ningekuwa na kalamu ningemsainia mwenyewe."

Alasiri walifika kwenye gati dogo. Boti ya mwisho haijafungwa sawasawa, mama akaruka. Mtu mmoja aliyekuwa ameinama akikaza kamba alimdaka asitumbukie. Mama akamkanyaga mguu, akasema, "Samahani mwanangu, nipishe," bila hata kumtazama, macho yote kwenye ule wekundu uliokuwa ukishuka polepole kutoka boti ya sita. Akaukimbilia, akaukumbatia kwa nguvu zake zote.

"Jamani mwanangu! Umechoka? Umeshiba? Hebu nikuone."

Akamvua kofia. Kikatokea kipara, na chini yake ndevu nyeupe.

"Nimeshiba ndizi tatu, mama, na daktari wangu wa kisukari asisikie," alisema mzee. "Sasa geuka umpe pole nahodha wetu mpya. Umemkanyaga binti yako mguu."