Mshono wa Mbele

Fundi cherehani alitoa futi yake ya kupimia nguo, akaishikiza penye kishimo cha koo lake mwenyewe na kuiteremsha mpaka chini ya kifua.

"Mkato utaanzia hapa, uishie hapa?"

"Ndiyo," alisema daktari. "Lakini si lazima, fundi. Nimekwambia."

Alikuwa amemwambia tena na tena. Uvimbe wenyewe haukuwa saratani, ila ulikaa pabaya: ndani ya moyo, umeshikwa na kikonyo chembamba, ukiyumba kila pigo kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja. Kipande kikimeguka, kingeweza kupanda kichwani na kumpoozesha. Kesho asubuhi ungetolewa.

Njia zilikuwa mbili: kupasua mfupa wa kifua katikati, au kupenya ubavuni kwa mkato mdogo unaojificha karibu na kwapa. Wauguzi waliziita mlango na dirisha. Zote salama, lakini daktari huyu alisifika kwa dirisha. Wagonjwa walitoka mbali kumfuata kwa hilo.

Na huyu fundi aling'ang'ania mlango.

"Kwa dirisha utarudi kwenye cherehani mapema. Kwa mlango, mfupa unataka miezi kuunga. Hutainua hata pasi."

"Pasi itanisubiri."

"Kwani huniamini?"

"Nisingekuamini, daktari, ningekuletea moyo wangu?"

"Baba watoto, acha mzaha!" Mkewe alimgeukia daktari. "Nimembembeleza mpaka sauti imenikauka. Amekuwa kisiki. Na sababu hasemi."

Pembeni alikaa binti yao, sweta limefungwa zipu mpaka kidevuni, ingawa feni ilikuwa mbovu na chumba kilifukuta.

"Mwanangu, husikii joto?" daktari alimuuliza. "Si ulivue hilo sweta."

Msichana akaivuta zipu juu zaidi.

"Mwache tu," fundi alidakia. "Ndivyo alivyozoea." Alimtazama bintiye kidogo, kisha akaanza kuikunja futi. "Kitu kimoja, daktari. Mshono upite katikati kabisa. Usiende upande."

Usiku ule usingizi ulimpaa daktari. Alijigeuza kitandani, akainuka, akazitazama upya picha za moyo, akalala, akainuka tena. Kuna mtu amemtia maneno? Amesikia mkono wake si mwepesi? Mtu gani huchagua maumivu marefu wakati mafupi yapo?

Asubuhi, mlangoni mwa chumba cha upasuaji, aliinama juu ya kitanda cha magurudumu.

"Dirisha bado liko wazi, fundi."

"Mlango, daktari."

Basi akapita mlangoni. Mashine ikachukua kazi ya moyo, moyo ukatulia, na uvimbe ukatoka mzima na kikonyo chake. Akafunga mfupa kwa waya, akashona ngozi katikati kabisa. Kazi safi. Hata hivyo dukuduku halikumtoka. Kila alipopita wodini alijikuta anamtazama yule mtu kwa jicho la kuuliza, na yeye anamjibu kwa tabasamu la maumivu.

Siku ya kutoa bandeji, mama na binti walikuwepo. Muuguzi alipomaliza, akataka kumfunga vifungo vya shati.

"Liache wazi," alisema fundi. "Njoo, mama, uone kazi ya daktari."

Mkewe alisogea. Fundi akatikisa kichwa. "Si wewe. Namwita mama mdogo huyu."

Msichana alitoka pembeni polepole. Aliutazama ule mstari kutoka juu mpaka chini, akanyoosha kidole bila kuugusa. Kisha zipu ikasikika ikishuka, na kola ikafunguka. Kuanzia kwenye kishimo cha koo, mstari wa zamani, uliokwisha kupauka, ulishuka katikati kabisa ya kifua chake.

"Baba," alisema, akiinama kulinganisha, "wangu umenyooka kuliko wako."