Debe Lisirudi na Kitu

Kwa mara ya tisa, Limi aliliweka debe lililopondeka juu ya meza ya karani.

Donatus aliisogeza kalamu yake kando, kama anayempisha mgeni. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo wino upo?"

"Upo."

"Na faili limerudi kutoka Mwanza? Na ufunguo wa kabati umeonekana? Au leo ni zamu ya mchwa?"

Waliokaa kwenye benchi la boma walicheka chinichini. Donatus hakucheka. Kule Nyarugusu alikulia nyumba ya tatu kutoka kwa Limi. Alikula ugali wake, akajifunzia baiskeli za wanawe. Ndiyo maana ilimuuma Limi. Mgeni akikuzungusha, ndiyo kazi yake. Huyu alikuwa akimzungusha mtu aliyempangusa makamasi.

Miezi minne ilikuwa imepita tangu ajali. Jumamosi ile ya mwaka 1953, lori lilitoka kambi ya wachimbaji alasiri, likiyumba barabara nzima. Mabula na Marselino, wanawe Limi, walikuwa mbele yake kwenye baiskeli zao, wakirudi nyumbani, kila mmoja na debe lake nyuma. Dereva, Eustace, alikutwa amelalia usukani, hajui kama ameua watu wawili. Alipozinduka alikiri yote. Kesi ikasikilizwa Mwanza, Limi akiwa bado kwenye mkeka wa matanga, kichwa kimenyolewa. Alichoambiwa ni kwamba Eustace amefungwa miaka mitatu.

Kila mtu akamwambia, basi, yatosha. Yeye hayakumtosha.

"Mlevi hajileweshi," alisema kila alikokaa. "Upo mkono uliomtilia. Mkono huo unanawa, unakula, unalala."

Na mkono wenyewe aliujua. Gregory alikuwa na duka pale kambini, akiuza bia za chupa. Na dereva mwenye mshahara hunywa nini kama si ya chupa? Gregory alileta sukari msibani, Limi akamrudishia mbele za watu. Kisimani alimlaani kwa jina. Wanawake wenzake waliinamia ndoo zao, wasiitikie neno. Waoga, alijiambia. Wote wanakopa kwa Gregory.

"Leo sikuja kuomba," alimwambia Donatus. "Bwana Shauri, mkubwa wa boma, yumo ndani. Nitaingia, nitaapa, nitamtaja Gregory. Alale jela karibu na dereva wake."

"Utaapia jambo usilolijua, mama?"

"Ninalijua. Nawe unalijua kuliko mimi, ndiyo maana unalificha. Amekupa nini? Hilo shati?"

Donatus aliutazama ukosi wa shati lake, uliokwisha kugeuzwa na kushonwa upya.

"Rudi nyumbani," alisema taratibu. "Nakuomba. Aliyeendesha lori yuko kifungoni. Mengine yaache."

"Nyumbani kuna nini? Vitanda viwili na mtama nilioloweka kabla ya msiba. Umeota, umenyauka, sina mikono ya kuugusa."

Aliweka kiganja juu ya debe, akalipapasa pale lilipobonyea.

"Hili lilikuwa la Marselino. Askari aliniletea yote mawili, makavu, hayana hata tone. Kila walipotoka niliwaambia, wanangu, debe lisirudi na kitu. Kikirudi kinanichachia. Basi hata siku ya kufa kwao walinisikia. Watoto wasikivu namna hiyo, Donatus, niwape nini sasa kama si haki yao?"

Donatus alipeleka mkono mfukoni, akaurudisha mezani.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Tarishi akachungulia. "Mwenye shauri aingie!"

Limi alilibeba debe lake. Alikuwa ameshapiga hatua mbili Donatus alipozunguka meza na kumshika mkono.

"Gregory ana watoto, mama."

"Hata mimi nilikuwa nao. Niachie."

"Hakumuuzia."

"Umejuaje?"

"Mayu," alisema Donatus, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa sauti ile ile aliyokuwa akimwitia zamani jikoni kwake, akiwa na njaa na aibu ya kusema. "Mayu, keti kwanza."

"Miezi minne nimeketi!"

Donatus alitia mkono mfukoni mwa suruali, akatoa ufunguo wa kabati. Ulikuwa umeng'aa kwa kushikwashikwa. Alilifungua, hakuhitaji kutafuta. Faili lilikuwa juu ya mengine yote, halina hata vumbi.

"Mwongo we," Limi alinong'ona. "Halikwenda Mwanza."

"Halikwenda."

"Basi soma. Soma maneno ya dereva, kila mtu asikie."

Donatus aliwatazama watu wa benchini, kisha mlango ambako tarishi alikuwa bado anasubiri. Aliishika karatasi kwa mikono miwili, akasoma polepole, bila kuinua macho.

"'Sikuingia dukani. Nilikunywa uwanjani, pamoja na wachimbaji, nikatosheka, nikainuka niende kwenye lori. Vijana wawili walioleta pombe walikuwa wanafunga madebe yao kwenye baiskeli waondoke, na debe moja lilikuwa bado na pombe. Wakaniita. Nikawaambia, imetosha, nina safari. Yule mdogo kati yao akacheka, akanijazia kata, na nyingine, na nyingine, hakutaka hata senti. Akasema, tusaidie kaka, umalize. Mama yetu hataki debe lirudi na kitu.'"