Anayemtukana Kipa

"Lango la Skarvøy linalindwa na ng'ombe mwenye mimba," alikuwa ameandika mtandaoni mtu aliyejiita Shabiki wa Kweli. "Goti lake linalia kama bawaba za mlango wa choo."

Kocha Gudveig alisoma, akausukuma mbali mkate wake wa jibini. Hamu yote ilimwisha.

Chini ya tusi, watu mia tisa walikuwa wakimtetea kipa, Jorunn.

Lakini aliyemtia Gudveig kinyaa zaidi alikuwa Aslak, msimamizi wa ukurasa wa klabu. Kila tusi alilibandika kando ya picha ya Jorunn akitiririkwa na jasho, akaandika: Njooni Jumamosi, tumwonyeshe tuko naye.

Na walikuja. Mwezi wa tisa, timu hii ya wanawake ya mpira wa mikono ilichezea watazamaji kumi na mmoja, halmashauri ikatishia kuwanyang'anya ukumbi. Sasa watu walijaa hadi kwenye ngazi, wakila soseji na kupiga ngoma.

"Unamuuza mwenzako," Gudveig alimwambia Aslak kabla ya mechi. "Huoni haya?"

"Kocha, usiniangalie kama nimekutapikia viatu. Jorunn mwenyewe ndiye anayeniambia niyarushe hayo matusi."

"Atakataaje, nanyi mmemkodolea macho? Halafu habari ya goti tumeificha. Nje ya klabu nani anaijua? Ni wewe unayeyaandika, kinyaa wewe!"

Aslak alikana. Gudveig hakungoja amalize.

Katika chumba cha kubadilishia nguo, Jorunn alikuwa akizungusha bandeji gotini.

"Kesho naenda polisi," Gudveig alimwambia. "Na ukurasa nautaka ufungwe."

"Mwache huyo mtu, Kocha. Akinyamaza, jukwaani atakaa nani?"

"Hata wewe wameshakuambukiza!"

Gudveig alitoka, akaubamiza mlango.

Mechi ilikuwa ya kukata pumzi. Zikiwa zimebaki sekunde nne, Jorunn aliuzuia mpira kwa ncha za vidole, na kimoja kikapinda kinyumenyume. Skarvøy walishinda kwa bao moja. Ukumbi mzima uliimba jina lake. Wazee walilia waziwazi. Aslak alikuwa juu ya kiti, akipiga picha, na Gudveig alitamani kumtemea mate.

Alimkuta Jorunn peke yake bafuni, mkono wa kulia ndani ya ndoo ya barafu, akihangaika na simu kwa wa kushoto.

"Kocha, nimalizie huu ujumbe. Huu wa kushoto haujui kuandika, nami nataka uende kabla watu hawajafika makwao."

"Kwa mama yako?" Gudveig aliuliza kwa upole, akaipokea simu.

Juu ya skrini, mahali pa jina la mwandishi, paliandikwa Shabiki wa Kweli, na chini yake sentensi iliyokatikia njiani: "Leo ng'ombe wetu kavunja ukwato mmoja, zimebaki"