Waziri Chini ya Daraja

Mama mtu alikuwa ameketi jukwaani alipomwona mwanawe, waziri mzima, akiteremka bondeni na suti yake mpya, akaenda kusimama chini kabisa ya daraja la reli.

Daraja hilo alilijenga mwenyewe, enzi za uinjinia, kabla ya uwaziri. Wenye midomo yao walishavumisha kwamba litaanguka. Sasa treni ya kwanza, mabehewa yamejaa kokoto, ilikuwa ikipiga honi ng'ambo ya kilima.

"Mheshimiwa, kiti chako kiko huku kivulini!" katibu wake alipaza sauti.

"Hata hapa pana kivuli!"

Katibu akamgeukia mama, jasho likimchuruzika. "Mama, mwambie atoke."

"Siku ya kumzaa nilimwambia atoke, akagoma mpaka kukapambazuka. Leo ndiyo atanisikia?"

Mwanawe alikuwa ameweka kiganja kwenye nguzo, kama anayemtuliza punda wake. Kifua cha mama kikajaa, nusura vifungo viruke.

Reli zikaanza kuvuma.

Mama akamtupia katibu mkoba, akavua viatu, akashika njia ya bondeni.

"Sogea, baba," alimwita mwanawe. "Nipishe na mimi nisimame."